Viendeshi na Zana za Mgeni

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga, kaunti ya Kericho, anayetaka kujifunza Linux bila kufuta Windows kwenye laptopu yake, huweka VirtualBox, programu ya Oracle, na kuunda ndani yake mashine pepe. Ni kompyuta isiyo na mwili: inakopa prosesa na kumbukumbu za ile iliyo mezani. Ya mezani ndiyo mwenyeji, ya ndani ndiyo mgeni.

Ubuntu, aina ya Linux aliyoiweka humo, inafunguka, lakini ndani ya kidirisha kidogo, na hata ukikivuta pembe, picha haikui. Unanakili amri upande wa Windows, unakwenda kuibandika upande wa pili, hakuna kitu. Folda yenye kazi ya darasa haionekani.

Dawa ya hayo Oracle huiita Guest Additions. VMware wana yao, VMware Tools. Tafsiri inayokuja haraka ni “nyongeza za mgeni”, nami siikubali. Nyongeza ni kitu ambacho hata ukikikosa mambo yanakwenda. Wakulima wadogo wa chai wa Litein na Kapkoros wanajua jina linavyoweza kupotosha: malipo ya pili ya KTDA, wakala wa chai yao, yanayokuja baada ya mwaka wa hesabu kufungwa mwezi Juni, huitwa bonasi, kumbe ni bei ya majani waliyokwisha kuyapeleka, na karo za watoto zinayasubiri. Mwambie mwanafunzi kwamba hizi ni nyongeza, naye ataziruka.

Nasema viendeshi na zana za mgeni. Maneno ni mawili kwa kuwa vitu ni viwili. Kiendeshi, ambacho kwenye saiba utasikia kikiitwa draiva, hukaa ndani ya kiini (kernel) cha Linux na kuzungumza na vifaa ambavyo VirtualBox inaviigiza. Zana ni programu za kawaida zinazofanya kazi juu yake: ya kubeba maandishi yaliyonakiliwa, ya kupanua skrini dirisha linapopanuka. Kiendeshi vboxguest kiliingizwa katika kiini toleo la 4.16 mwaka 2018, na vboxsf, cha folda za pamoja, katika toleo la 5.6 mwaka 2020. Zana hazikuingia, maana si kazi ya kiini kuzibeba. Ndiyo sababu Ubuntu ya leo inaweza kumtambua mwenyeji wake na bado ikashindwa kubandika neno moja.

Ukitumia CD inayokuja na VirtualBox, viendeshi havifiki vimeiva. Hujengwa hapo hapo kulingana na kiini ulicho nacho, kwa hiyo anza kwa kuweka gcc, make na linux-headers. Wengi hukwama kwenye hizo linux-headers: toleo lake lazima lilingane na jibu la amri uname -r. Kisha endesha sudo sh VBoxLinuxAdditions.run na uwashe upya. Kwa Ubuntu mimi hupendelea kuchukua virtualbox-guest-utils na virtualbox-guest-x11 kwa apt, hasa bando likiwa dogo, kwani hakuna cha kujenga.

Folda ya pamoja, ukiwa umeichagulia Auto-mount katika VirtualBox, itatokea chini ya /media, jina lake likianza na sf_. Ikikataa kufunguka, usiweke kila kitu upya. Jiongeze kwenye kundi la vboxsf kwa sudo usermod -aG vboxsf $USER, kisha toka na uingie tena.