Dawa za kuzuia chembe za damu kupinda: kutoka maabara hadi kwa mtoto wako

Mama au mlezi wa mtoto mwenye selimundu, huenda umewahi kuambiwa kuna dawa au mzizi "uliothibitishwa maabara" kuzuia chembe zisipinde. Kabla hujanunua, elewa maabara hupima nini.

Chembe hupindaje?
Chembe nyekundu ina himoglobini, inayobeba oksijeni. Himoglobini ya selimundu ikishaachia oksijeni hushikamana na kuwa nyuzi ngumu. Chembe hujikunja kama mundu, hukwama kwenye mishipa midogo, na mtoto hupata maumivu.

Maabara hufanya nini?
Watafiti huondoa oksijeni kwenye tone la damu, kisha huhesabu kwa hadubini chembe zilizopinda. Hurudia wakiwa wameongeza kemikali au maji ya mmea. Zilizopinda zikipungua, ni dalili njema. Lakini tone la damu halina ini, figo wala macho.

Zilizokwama njiani
Miaka ya 1970, kemikali iitwayo sayanati ilifanya vizuri maabara. Ilipotumiwa kwa wagonjwa, baadhi waliharibika mishipa ya fahamu, wengine wakapata mtoto wa jicho. Ikaachwa. Voxelotor iliidhinishwa Marekani mwaka 2019, lakini Septemba 2024 kampuni yake iliiondoa sokoni duniani kote baada ya taarifa za vifo na maumivu makali kwa watumiaji.

Inayosaidia
Haidroksiurea huongeza himoglobini ya kichanga, ile aliyokuwa nayo mtoto tumboni, ambayo huzuia nyuzi zisijengeke. Utafiti uliochapishwa 2019, uliohusisha watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ulionyesha maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vilipungua.

Ufanye nini?
• Uliza kliniki kama mtoto wako anafaa kuanza haidroksiurea. Dozi hutegemea uzito, na damu hupimwa mara kwa mara kwa kuwa dawa inaweza kushusha chembe nyeupe.
• Usiache dawa za kliniki ili kujaribu nyingine. Ukiwa tayari unampa mitishamba, mwambie muuguzi bila woga.
• Muulize muuzaji: imejaribiwa kwa watoto, au kwenye damu ya maabara tu?
• Akipata homa, akipumua kwa shida, akipauka ghafla au akilegea upande mmoja, mpeleke hospitali mara moja. Usisubiri kesho.