Dewji wa Singida, Dewji wa London: jina la ukoo linatoka wapi?

Wadau, leo tuzungumzie majina. Sio majina ya utani wala ya wasanii. Naongelea lile la mwisho kwenye pasi ya kusafiria, ambalo fomu nyingi zinaliita "jina la ukoo". Nitashika jina moja tu, tulifuate tuone linatufikisha wapi: Dewji.

Nimelichagua kwa sababu lina maisha mawili. Uingereza ni jina adimu. Karani wa London akiliona atakuuliza linavyoandikwa, herufi kwa herufi. Singida hata mtoto wa shule ya msingi analijua. Sasa je, ni jina la wapi? La India? La Singida? La Uingereza? Tusijibu haraka, maana jibu lake linatuhusu hata sisi ambao hatuna Mhindi yeyote kwenye ukoo.

Tuanzie kwa Waingereza, kwa sababu wenzetu hawa wana mazoea ya kufuatilia majina mpaka mlangoni. Mwaka 1890 bwana mmoja, Henry Brougham Guppy, alichapisha kitabu kizima kuhusu makao ya majina ya koo za Uingereza. Alichukua orodha za wakulima, eneo kwa eneo, akahesabu majina. Kwa nini wakulima? Kwa sababu mkulima hahamihami. Akaona majina mengine yamejaa eneo moja na kwingine hayapo kabisa, kama vile mti unaoota bonde moja tu.

Jina lake mwenyewe ni mfano mzuri. Guppy ni jina adimu lenye asili ya Dorset, kusini magharibi mwa England, na limetokana na jina la mahali. Ukoo huo huo wa jina ukatoa Robert John Lechmere Guppy wa kisiwa cha Trinidad, na wale samaki wadogo wa mapambo wanaoitwa guppy wameitwa kwa jina lake. Yaani jina la kijijini Dorset leo linaogelea kwenye matangi ya vioo dunia nzima!

Lakini tuulize: Guppy aliwezaje kuchora ramani ya majina? Aliweza kwa sababu jina la Mwingereza limeganda. Baba ni Guppy, mtoto Guppy, mjukuu Guppy. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kabla ya Wanormani kuivamia England mwaka 1066, watu wengi walikuwa na jina moja tu, na kama kuna akina John watatu kijijini, mmoja ataitwa John mwana wa William, mwingine John mfinyanzi. Majina yakaganda polepole, na kufikia mwaka 1400 hivi familia nyingi za England zilikuwa na jina la kurithi. Katika kipindi hicho ndipo mfalme alipotoza kodi ya kichwa, mwaka 1377, 1379 na 1381, na kodi ya kichwa haikusanywi bila orodha ya majina. Ndiyo maana leo kuna mamilioni ya watu wanaitwa Johnson, yaani mwana wa John, na baba zao hawaitwi John.

Kwingine serikali ililazimisha. Denmark iliagiza majina ya kudumu mwaka 1828. Uturuki ilitunga sheria ya jina la ukoo mwaka 1934. Iceland ndiyo iliyogoma: mpaka leo watu wengi kule hutumia jina la baba, mtoto wa kiume wa Jón ni Jónsson na wa kike ni Jónsdóttir, na kizazi kinachofuata kinaanza upya. Ishike hiyo Iceland, tutaihitaji tukifika Singida.

Sasa turudi kwa Dewji. Hili ni jina la Wakhoja, Waislamu wenye asili ya Gujarat, hasa Kutch na Kathiawar, magharibi mwa India. Mababu zao walikuwa Wahindu, wengi wa jamii ya Walohana, waliosilimu karne nyingi zilizopita. Waliposilimu hawakuyatupa majina yao yote. "Dev" ni mungu katika lugha za India, na "ji" ni kiambishi cha heshima, kama sisi tunavyosema "mzee" au "bwana". Ndipo unapata familia za Kiislamu kabisa zenye majina yenye mizizi ya Kihindu: Dewji, Kanji, Ramji, Premji. Jina limebeba historia ambayo dini ilishaivuka.

La muhimu zaidi ni hili: Dewji halikuwa jina la ukoo. Lilikuwa jina la mtu. Katika karne ya 19 Zanzibar na Lamu zilimjua mfanyabiashara Mkhoja aliyeitwa Dewji Jamal. Hapo Dewji ni jina lake yeye, Jamal ni la baba yake. Kwa Wakhoja na Wabohora waliohamia pwani yetu enzi za masultani wa Oman, utaratibu ulikuwa ni jina lako, la baba, la babu. Unaufahamu utaratibu huo? Ni huu huu wa kwetu!

Mfano ulio wazi kuliko wote ni wa Karimjee, wenye ule ukumbi wa Dar es Salaam. Hawa ni Wabohora. Alikuwepo Jivanjee Buddhabhoy. Mwanawe akaitwa Karimjee Jivanjee. Jina la Buddhabhoy likaachwa nyuma, kama kawaida. Lakini biashara ilipokua, na karatasi zikawa nyingi, jina likasimama kwa Karimjee na halikuondoka tena. Aliyekuwa Spika wa bunge letu wakati wa uhuru mwaka 1961 aliitwa Abdulkarim Yusufali Alibhai Karimjee. Lisome jina hilo kutoka kushoto kwenda kulia, umesoma vizazi vinne.

Kwa hiyo kila familia ya akina Dewji, huko juu kabisa, kuna mzee mmoja aliyeitwa Dewji na mama yake. Na kwa kuwa lilikuwa jina la kawaida la kupewa mtoto, wazee wa namna hiyo wanaweza kuwa wengi. Dewji wa Lamu na Dewji wa Singida si lazima wawe ndugu. Jina peke yake halithibitishi damu.

Lilifikaje Singida? Kwa njia ile ile ya maduka mengine ya Kihindi bara. Wafanyabiashara walifuata misafara, kisha boma za Wajerumani, kisha Reli ya Kati iliyofika Tabora mwaka 1912 ikipita Manyoni. Kutoka hapo duka lilifuata watu: chumvi, vitambaa na mafuta ya taa vinaingia, ngozi, samli, asali na nta vinatoka. Kwenye mji huo wa mawe makubwa, kati ya maziwa Singidani na Kindai, mwaka 1975 alizaliwa Mohammed Gulamabbas Dewji, nyumbani, mtaa wa Ipembe. Ndiye huyu Mo, tajiri wa MeTL, aliyekuwa mbunge wa Singida Mjini kuanzia 2005 mpaka 2015. Wapenzi wa mpira walishalijua jina hilo kabla yake, kupitia Azim Dewji, mfadhili wa Simba ile ya 1993 iliyofika fainali ya Kombe la CAF na kufungwa na Stella ya Ivory Coast pale Dar. Kidonda hicho wengine hawajapona.

Hapo hapo jina likawa linasafiri upande mwingine. Mapinduzi ya Zanzibar mwaka 1964, Azimio la Arusha mwaka 1967, kisha utaifishaji wa majumba Aprili 1971, uliogusa nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia wa Uganda. Maelfu ya Wakhoja wa Afrika Mashariki walihamia Uingereza na Canada. Ndiyo maana leo mtu akichora ramani ya majina adimu ya Uingereza, atakuta Dewji, na sehemu kubwa ya mizizi yake haitamrudisha India moja kwa moja. Itampitisha kwanza Zanzibar, Mombasa, Kampala, au mji wa bara kama Singida.

Sasa tugeuke kwa Wanyaturu na Wanyiramba wenyewe, wenye ardhi. Je, nao wana majina ya kuchorea ramani?

Wanayo na hawana. Ukisikia Ntandu, Kingu au Mkumbo, unajua mtu huyo chimbuko lake ni Singida. Lakini hayo ni majina ya watu, sio ya koo. Wachaga wengi hutumia jina la ukoo kweli kweli: Massawe, Mushi, Kimaro, baba mpaka mjukuu, kama Mwingereza. Singida ni Iceland. Tuseme kuna mzee anaitwa Njiku. Mwanawe ni Ntandu Njiku. Mjukuu ni Juma Ntandu Njiku. Juma akipata mtoto akamwita Hamisi, huyo ni Hamisi Juma Ntandu. Mzee Njiku ameshatoka kwenye karatasi. Vizazi vitatu tu, kwisha.

Ndiyo maana Mkumbo wawili wanaweza kukaa dawati moja bila undugu wowote, na ndugu wa tumbo moja wakaonekana wageni. Angalia familia maarufu ya Ikungi. Mwanasiasa tunamwita Tundu Lissu, jina kamili Tundu Antiphas Mughwai Lissu. Kaka yake wakili, magazeti humwandika Alute Mughwai. Msomaji wa mbali atajuaje kwamba ni ndugu? Au mbunge wa Iramba, Mwigulu Lameck Nchemba Madelu. Magazeti ya Kiingereza yanamwita Nchemba, ya Kiswahili yanamwita Mwigulu. Sisi waandishi tunajifanya tunafuata kanuni, kumbe kila chumba cha habari kinagandisha jina pale kinapopenda.

Na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Jina la ukoo kwa wengi wetu halikuletwa na ukoo. Limeletwa na orodha. Mjerumani alitaka kodi, akaorodhesha. Misheni ilibatiza, ikaorodhesha. Mwingereza akaja na fomu yake inayodai jina la mwisho. Shule ikaandika majina mawili, chuo kikataka matatu. Kila dirisha liligandisha jina pale lilipomkuta mtu, na ndugu waliofika madirisha tofauti wakatoka na majina tofauti.

Gharama yake tunaijua. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cheti cha kidato cha nne vile, kitambulisho cha taifa kingine, unakwenda kwa wakili kuapa kwamba wote hao ni wewe. Kwenye mirathi ni kubwa zaidi: mtoto halali anasimama mahakama ya mwanzo kueleza kwa nini jina lake la mwisho si la marehemu.

Kuna gharama nyingine ambayo haina risiti. Miaka ya 1990 neno "gabacholi" lilivuma majukwaani, na jina kama Dewji likahesabiwa kuwa ushahidi tosha wa ugeni. Tazama sasa jina lenyewe: Mohammed, wa Gulamabbas, wa Dewji. Ni jina lake, la baba yake, na la mzee wa huko nyuma, muundo ule ule wa Juma Ntandu Njiku. Kama lingeendelea kusogea kama la Juma, mtoto wa Mo angekuwa "fulani Mohammed Gulamabbas", na Dewji lingekuwa limesahaulika kama Njiku. Tofauti ya majina hayo mawili ni kwamba moja liliganda mapema kwa sababu ya duka, mkataba na pasi, na lingine liliendelea kutembea. Tukitaka kubishana nani ni mwenyeji Singida, tubishane kwa hoja nyingine. Jina halitusaidii.

Sasa na sisi tunaganda. Vitambulisho vya taifa na pasi vinalishika jina la mwisho na kulikabidhi kwa watoto, na wazazi wengi wa mjini wameshaanza kuwapa watoto jina moja la mwisho kama Waingereza. Sio vibaya. Watoto wa Juma wataitwa Njiku, na wajukuu pia, na miaka mia moja ijayo mtu ataweza kuchora ramani ya akina Njiku kutoka Ikungi mpaka Toronto.

Ila ramani hiyo itaanzia kwa Njiku, itamkuta kama vile hakuzaliwa na mtu. Baba yake Njiku aliitwa nani? Jina hilo la nne halipo kwenye fomu yoyote, liko kwenye vichwa vya wazee wachache kule vijijini, na hao hawatungoji. Wewe unalijua la kwenu? Kama hulijui, piga simu nyumbani wiki hii. Kisha njoo utuandikie hapa, pamoja na kijiji, tuone yanatufikisha wapi.