Pamba ya Simiyu na Taaluma za Maendeleo

Taaluma za Maendeleo ni somo la lazima katika vyuo vikuu vya Tanzania. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, taasisi ya somo hilo ilianzishwa mwaka 1973. Somo linahusu umaskini, utandawazi na maendeleo endelevu, mada ambazo pamba ya mkoa wa Simiyu inazieleza vizuri kuliko nadharia tupu.

Mkoa huo, wenye makao makuu Bariadi, uliundwa mwaka 2012 na ndio unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba. Wakulima huuza pamba mbegu kupitia vyama vya msingi (AMCOS). Baada ya kuchambuliwa viwandani, nyuzi nyingi huuzwa nje, hivyo bei ya mkulima wa wilaya ya Itilima mkoani humo hufuata soko la dunia. Ruzuku kwa wakulima wa Marekani, inayoshusha bei ya soko hilo, humwumiza mkulima huyo asiye na sauti katika kuipanga ruzuku hiyo.

Kuhusu maendeleo endelevu, wilayani Meatu mkoani humo, kilimo hai cha pamba kilianza mwaka 1994 chini ya mradi wa bioRe, kwa ubia na kampuni ya Uswisi. Samadi huchukua nafasi ya mbolea za viwandani, na alizeti hupandwa shambani kuwavuta wadudu waharibifu mbali na pamba.