Kituo kisichotua

Neno kituo limetokana na kitenzi tua: kushusha mzigo, kukaa baada ya mwendo. Ndiyo maana tuna kituo cha basi na kituo cha polisi, na mtu wa papara tunasema hana kituo. Redio ilipopewa neno hilo, liliikaa sawasawa, kwa sababu ilikuwa imetua mahali.

Sasa tazama Uingereza. Mji wa York ulikuwa na Minster FM, redio iliyobeba jina la kanisa kuu la mji huo. Mwaka 2019 kampuni ya Bauer, yenye makao makuu Hamburg, Ujerumani, ilinunua makundi kadhaa ya redio za miji ya Uingereza. Septemba 2020 Minster FM na wenzake wengi walivuliwa majina, wote wakaitwa Greatest Hits Radio. Radio City ya Liverpool, iliyoanza 1974, ikageuzwa Hits Radio Liverpool mwaka 2024. Mji umebakizwa mkiani, kama kiambishi tamati. Vipindi vingi hutengenezwa mara moja na kurushwa miji mingi. Cha nyumbani ni habari, foleni za barabarani na, bila shaka, matangazo ya biashara.

Hapo neno chapa, lile la kumchoma ng'ombe ajulikane ni wa nani, lafaa kuliko kituo. Hili la pili tuziachie redio ambazo meneja wake anaweza kusimamishwa sokoni akaulizwa kwa nini tangazo la msiba halikusomwa jana.