Filamu ya Lumumba na jina lililozimwa sauti

Julai 2, 2025 zilitimia karne moja tangu Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, azaliwe kijijini Onalua. Yalikuwapo maadhimisho ya hotuba na mashada ya maua. Lakini kwa kijana anayemjua Lumumba kama mtaa wa Dar es Salaam au shule ya sekondari Zanzibar, hakuna somo litakalomkamata kama filamu ya Raoul Peck, "Lumumba", iliyotoka mwaka 2000.

Filamu hiyo haianzi na shangwe za uhuru. Inaanza usiku, jimboni Katanga. Wazungu wawili wana msumeno na mapipa, na wanaikatakata na kuichoma miili ya watu watatu ili lisibaki hata kaburi. Hao ni Lumumba na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliopigwa risasi Januari 17, 1961. Mtazamaji anajua mwisho tangu dakika za kwanza, na bado roho inamdunda hadi tamati.

Peck ni Mhaiti, na hadithi hii aliikuta nyumbani kwao. Wazazi wake walihamia Kongo mwaka 1961, yeye akiwa na miaka minane. Baba yake alikuwa mmoja wa wataalamu wa Haiti walioitwa kuziba nafasi za Wabelgiji walioondoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Peck alitoa filamu ya kumbukumbu juu ya Lumumba, kisha akarudi na hii ya waigizaji. Kongo ilikuwa vitani, hivyo picha zikapigwa Zimbabwe na Beira, Msumbiji.

Eriq Ebouaney hakuigiza sanamu. Lumumba wake ni mtu mwenye haraka, mwenye ulimi mkali, aliyewahi kuuza bia na akajua kuongea na umati. Mobutu, mwanajeshi aliyempindua baadaye na ambaye ameigizwa na Alex Descas, anaanza kama rafiki wa karibu. Usaliti unauma kwa sababu tumewaona wakiwa pamoja.

Mwaka mmoja kabla ya filamu, Mbelgiji Ludo De Witte alichapisha kitabu kilichoonyesha jinsi maofisa wa Ubelgiji walivyohusika na mauaji hayo. Gerard Soete, polisi wa zamani, alikiri hadharani kuwa aliiyeyusha miili kwa tindikali na kubaki na meno. Bunge la Ubelgiji likaunda kamati ya uchunguzi.

Kelele kubwa zaidi, hata hivyo, zilitokea Marekani.

Katika filamu kuna kikao ambamo mabalozi na wanasiasa wanajadili hatima ya Lumumba, na ofisa mmoja wa ubalozi wa Marekani anatajwa kwa jina: Carlucci. Frank Carlucci alikuwa kweli katibu wa pili wa ubalozi huo Léopoldville, Kinshasa ya leo. Baadaye akawa naibu mkurugenzi wa CIA, kisha Waziri wa Ulinzi wa Rais Reagan. Alikana katakata kuhusika, na mawakili wake wakatishia kwenda mahakamani. Televisheni ya HBO ilipoirusha filamu hiyo Februari 2002, jina lake lilizimwa sauti na kufichwa kwenye orodha ya wahusika. Peck na msambazaji wake mdogo hawakuwa na fedha za kupigana kesi.

Ni haki kusema kwamba kamati ya Seneti ya Marekani ya mwaka 1975 ilithibitisha mpango wa CIA wa kumpa Lumumba sumu, lakini haikupata ushahidi kwamba shirika hilo lilihusika moja kwa moja na kifo chake. Carlucci alikuwa na haki ya kujitetea. Ila uzito wa mizani unasikitisha: mtu mmoja mwenye mawakili alifuta neno ndani ya filamu, na watatu waliofutwa wenyewe hawakuwa na wa kuwatetea. Mwezi uleule wa Februari 2002, Ubelgiji iliomba radhi kwa sehemu yake katika mauaji hayo.

Jino moja la Lumumba lilirudishwa kwa familia yake Juni 2022 na kuzikwa Kinshasa.

Filamu inazungumza Kifaransa na Kilingala, ilhali Lumumba aliuawa Katanga, nchi ya Kiswahili. Leo tamthilia za Kituruki zinatiwa sauti za Kiswahili Dar es Salaam, jioni baada ya jioni, na zinapendwa. Utaalamu upo, waigizaji wa sauti wapo. Vituo vyetu vya televisheni vinunue haki za "Lumumba", viitie Kiswahili, na jina la Carlucci lisikike.