Vijiji 130 vilivyoipima ruzuku kwa jicho la usawa

Mwaka 2017, wadodosaji walipita katika vijiji 130 vya Rungwe, Busokelo, Mufindi na Mji wa Mafinga, wakizungumza na vijana wa miaka 14 hadi 19 kutoka kaya zilizokuwa zikipokea ruzuku ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania. Waliwauliza kuhusu masomo na kipato, lakini pia nani anafanya kazi za nyumbani, nani amepigwa, nani amelazimishwa ngono. Hayo hayaonekani kwenye daftari la malipo.

TASAF ilianza mwaka 2000, ikisaidia zaidi miradi ya jamii kama madarasa na zahanati. Malipo ya fedha kwa kaya yalijaribiwa kwanza Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, kisha mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete akazindua Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Wapokeaji wengi walikuwa wanawake, na kwa muda mrefu hilo lilitajwa kama ushahidi wa usawa.

Ushahidi huo haukutosha. Masharti ya ruzuku yalitaka watoto wahudhurie shule na wadogo wapelekwe kliniki, na aliyefunga safari hiyo akiwa na mtoto mgongoni kwa kawaida alikuwa mama. Fedha ilimfikia, na mzigo ukamfuata.

Kwa wasichana wa Nyanda za Juu Kusini, viliko vijiji hivyo, hatari ilikuwa kubwa zaidi. Wengi wa Iringa huondoka mapema kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam. Utafiti wa kitaifa wa 2016–17 ulikuta maambukizi ya VVU mkoani humo yakizidi asilimia 11 ya watu wazima, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha nchi.

Ndipo TASAF, Tume ya Kudhibiti UKIMWI (TACAIDS) na UNICEF zikaleta mpango wa Ujana Salama. Kaya za vijiji vyote 130 ziliendelea kupata ruzuku. Katika nusu ya vijiji, vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, vijana waliongezewa mafunzo ya wiki 12 kuhusu kipato, afya ya uzazi na VVU, walezi wa kuwashauri kwa miezi tisa, mtaji wa takriban dola 80, na vituo vya afya vilivyoandaliwa kuwapokea.

Vijiji vilipolinganishwa, wasichana wa Ujana Salama waliofanyiwa ukatili wa kingono walikuwa wachache zaidi, na wavulana waliokiri kuwapiga wengine walipungua. Mitazamo kuhusu usawa ilibadilika hasa kwa wavulana.

Matokeo haya yanafaa kusomwa kwa makini katika kila halmashauri. Ruzuku ile ile, katika kaya zenye umaskini ule ule, ilimlinda msichana zaidi pale mvulana naye alipofundishwa na huduma za afya zilipomfikia. Kuhesabu wanawake waliotia dole gumba kwenye daftari la malipo kusingeonyesha tofauti hiyo.

Watafiti walirudi tena mwaka 2021. Waliokuwa na miaka 14 walipohojiwa mara ya kwanza walikuwa wameshafika 18, na baadhi ya wenzao walikuwa tayari na kaya zao.