Meza ya Nani? Historia Fupi ya Simuleta ya Urukaji

Utangulizi

Mtu anayesubiri vifaa vipya vya simuleta ya urukaji huanza kazi kabla mzigo wake haujatoka forodhani. Huondoa vitabu mezani, hupima unene wa ukingo wa meza, na huchungulia chini yake kuona kama kuna droo itakayozuia kibano cha usukani. Hupima pia nafasi ya miguu, kwa sababu kanyagio zitakaa sakafuni. Wengi huiona shughuli hii kuwa ya mpenzi wa michezo ya kompyuta tu. Insha hii inaitazama kwa jicho la historia.

Neno simuleta hapa lina maana ya mashine inayomwezesha mtu kujifunza kurusha ndege bila kuondoka ardhini. Kwa kawaida historia yake huelezwa kama historia ya mashine yenyewe: ilianza ikiwa duni, ikaboreshwa. Sisi tunapendekeza kuifuata kwa kuuliza swali jingine: kila mashine ilipofika, iliwekwa wapi, na nani alikaa mezani? Hoja yetu ni kwamba meza ya kwanza katika historia hii ilikuwa ya mwalimu, wala haikuwa ya rubani. Kadiri vifaa vilivyopungua ukubwa na bei, meza ilihamia kwa mwanafunzi, na kiti cha mwalimu kikatoweka bila mtu yeyote kuamua waziwazi kwamba kiondolewe. Jambo hili linatuhusu Afrika Mashariki, ambako kwa kijana mwenye ndoto ya urubani meza ya nyumbani huenda ikawa darasa lake la kwanza.

Mapipa na mivukuto

Katika miaka ya mwanzo ya urukaji, mwanafunzi alijifunza hewani, na kosa lake la kwanza kubwa lingeweza kuwa la mwisho. Nchini Ufaransa, takriban mwaka 1910, wakufunzi wa ndege aina ya Antoinette walitengeneza kifaa cha kupunguza hatari hiyo. Kilikuwa nusu mbili za pipa zilizopandishwa moja juu ya nyingine, na juu kabisa kiti cha mwanafunzi. Watu waliosimama pembeni walikitikisa kwa mikono, naye mwanafunzi alizungusha magurudumu ya usukani ili akirudishe sawa na upeo wa macho. Hakikuwa na meza wala injini. Kilichokuwapo ni watu: mmoja akijifunza, wengine wakimsukasuka na kumtazama.

Mashine iliyobadilisha mambo ilitoka katika kiwanda cha vinanda. Edwin Link, aliyezaliwa mwaka 1904, alikulia Binghamton katika jimbo la New York, ambako baba yake alimiliki kiwanda cha piano na ogani. Mwaka 1920 alilipa dola 50 kwa somo la kurusha ndege, na katika somo hilo lote hakuruhusiwa kugusa usukani. Baadaye aliona kwamba ufundi wa kiwandani kwao ungeweza kumsaidia mwanafunzi maskini. Ogani huendeshwa kwa hewa inayosukumwa na mivukuto, kama ile ya mhunzi. Kati ya mwaka 1927 na 1929, akifanya kazi katika chumba cha chini cha kiwanda, Link alichukua mivukuto hiyo na kuiweka chini ya kiwiliwili kidogo cha ndege chenye mabawa mafupi. Mwanafunzi alipovuta usukani, hewa ilitoka katika mvukuto mmoja na kuingia katika mwingine, na ndege hiyo ya mbao ikainama au ikainua pua.

Wenye vyuo vya urubani na jeshi hawakuvutiwa. Mashine zake za mwanzo zilinunuliwa zaidi na viwanja vya burudani, ambako watu walilipa ili wazipande kama bembea. Kwa hiyo simuleta ilianza kuonekana mchezo muda mrefu kabla ya kompyuta, na dharau hiyo ilikuwa na gharama.

Gharama yenyewe ilionekana mwaka 1934. Mwezi wa Februari, serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilifuta mikataba ya kampuni zilizosafirisha barua kwa ndege, na kazi hiyo ikapewa jeshi. Marubani wa jeshi walikuwa na uzoefu mdogo wa kuruka usiku na ndani ya mawingu. Mtu aliye ndani ya wingu hawezi kuamini mwili wake: sikio la ndani humwambia kwamba yuko sawa huku ndege ikiinama kuelekea ardhini. Kinachoweza kumwokoa ni kusoma vyombo na kuviamini. Katika miezi michache marubani zaidi ya 10 walikufa. Inasimuliwa kwamba Link alialikwa kukutana na maofisa wa jeshi huko Newark, hali ya hewa ikawa mbaya kiasi kwamba maofisa hao walikata tamaa, naye akatua akiwa ameongozwa na vyombo peke yake. Mwaka huohuo jeshi lilinunua mashine 6. Wahenga walisema ajali haina kinga, lakini hapa kinga ilikuwapo. Ilikosa tu mtu wa kuipa nafasi.

Kaa juu ya meza ya mwalimu

Waandishi wengi wanaoieleza mashine ya Link hukielekeza macho kile kisanduku alichofungiwa mwanafunzi. Pembeni yake, hata hivyo, palikuwa na sehemu ya pili yenye umuhimu uleule: meza. Mwalimu aliketi hapo akiwa na vipokea sauti masikioni na kipaza sauti mdomoni, na mbele yake vyombo vilivyoonyesha yaleyale aliyoyaona mwanafunzi. Juu ya meza ilitandazwa ramani. Juu ya ramani kilitambaa kifaa kidogo cha magurudumu matatu, ambacho wenyewe walikiita kaa. Mwanafunzi alipogeuka, kaa aligeuka. Alipoenda mbele, kaa alienda mbele, huku akiacha mstari wa wino.

Mwanafunzi alikuwa amefunikwa, haoni nje. Mwalimu aliona kila kitu. Aliweza kumtumia ishara za redio, na katika matoleo ya baadaye kumletea hata upepo wa kumsukuma nje ya njia. Somo lilipokwisha, mfuniko ulifunguliwa, mwanafunzi akashuka, na wote wawili wakaitazama ramani. Mstari wa wino haukubishaniwa. Aliyedhani amefika uwanjani alionyeshwa kwamba alipita kando yake kwa maili kadhaa. Kwa maoni yetu somo lilikamilika hapo, wawili hao walipokuwa wakiongea juu ya wino. Mashine ilitengeneza kosa lisiloua. Mezani ndipo kosa hilo lilipogeuzwa kuwa maarifa.

Katika Vita Kuu ya Pili mashine zaidi ya 10,000 za Link zilitengenezwa, na inakadiriwa kwamba wanahewa wapatao 500,000 walizitumia. Vyuo vilitenga vyumba vizima kwa ajili yake, safu kwa safu, kila kisanduku na meza yake.

Mashine zilizohitaji jengo

Baada ya vita ndege zilikua na simuleta zikakua nazo. Mwaka 1948 kampuni ya Curtiss-Wright ilitengenezea shirika la Pan American simuleta ya ndege ya Boeing 377 Stratocruiser. Haikutikisika wala haikuonyesha picha ya nje, lakini ilikuwa na chumba kizima cha rubani, na wafanyakazi wote wa ndege waliweza kufanya mazoezi pamoja. Mwalimu alikuwa na mahali pake pa kuzua hitilafu: injini ishike moto, au chombo fulani kikatae kufanya kazi.

Hapo kuna kisa kinachostahili kukumbukwa na kila anayesubiri vifaa. Mwaka 1944 jeshi la majini la Marekani liliagiza kwa chuo cha MIT simuleta ambayo ingeweza kuiga ndege za aina mbalimbali. Jay Forrester na wenzake waligundua kwamba mashine za wakati huo hazingeweza kupiga hesabu hizo kwa kasi iliyotakiwa. Wakaanza kuunda kompyuta ya dijitali. Kompyuta hiyo, Whirlwind, ilianza kufanya kazi mwaka 1951, ikiwa imejaza vyumba vya jengo, na ikaelekezwa kwenye ulinzi wa anga. Simuleta iliyosubiriwa haikuja. Badala yake ilikuja kompyuta inayojibu papo hapo, na mbinu zake ndizo zilizowezesha kila simuleta iliyofuata, ikiwemo ya mezani.

Kwa miaka mingi picha ya nje ya dirisha ilitokana na sanamu: ubao mkubwa wenye vilima, barabara na uwanja wa ndege vya kuchonga, na kamera iliyopita juu yake kadiri rubani alivyosogea. Katika miaka ya 1970 kompyuta zilianza kuchukua nafasi ya bao hizo. Chumba cha rubani kilipandishwa juu ya miguu sita inayorefuka na kufupika. Simuleta ya namna hiyo huhitaji ukumbi wenye dari refu, umeme usiokatika na mafundi wa zamu. Humo, nyuma ya marubani wawili, kiti cha mwalimu kipo hadi leo.

Kuingia nyumbani

Njia ya kwenda mezani ilianzia chuoni. Mwaka 1975 Bruce Artwick aliandika tasnifu katika Chuo Kikuu cha Illinois kuhusu namna kompyuta inavyoweza kuonyesha urukaji kwa picha zinazobadilika. Miaka michache baadaye kampuni yake, subLOGIC, ilitoa programu ya urukaji kwa kompyuta ya Apple II, na mwaka 1982 Microsoft ilitoa toleo lake kwa kompyuta ya IBM. Picha zilikuwa mistari na rangi chache. Usukani ulikuwa vitufe vya kibodi.

Tangu hapo mpenzi wa urukaji amekuwa akirudishia mwilini kile ambacho kibodi iliondoa: kwanza wenzo wa mkono mmoja, kisha usukani wa mikono miwili, wenzo wa nguvu za injini, na kanyagio. Kila kifaa kilidai eneo lake. Usukani hubanwa kwenye ukingo, na meza nyembamba hutikisika ukivuta. Mhimili wake husogea kuelekea kifuani, hivyo kiti lazima kirudi nyuma. Kiti chenye magurudumu nacho hukimbia kila ukikanyaga. Kanyagio huteleza kwenye vigae hadi ziegemezwe ukutani. Kibodi hukosa pa kukaa. Mwaka 2020, Microsoft ilipotoa toleo jipya la programu yake mwezi wa Agosti, watu wakiwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya korona, vifaa vya kurushia viliadimika madukani, na wengi walisubiri kwa miezi wakiwa na meza tupu iliyokwisha kuandaliwa.

Tukiitazama meza hiyo iliyoandaliwa kwa uangalifu, tunaona kila kitu cha rubani. Hatuoni kaa, wala ramani yenye wino, wala kiti cha pili.

Safari iliyokuwa ikija Nairobi

Je, kukosekana kwa kiti hicho ni jambo la kujali? Mtu anaweza kujibu kwamba nyumbani ni mchezo tu, na kwamba marubani halisi wana kumbi zao. Lakini katika miaka hiyohiyo mafunzo ya kitaalamu nayo yalikuwa yakihamia mezani. Boeing ilipoleta ndege ya 737 MAX, marubani waliozoea 737 za awali walihitajika kupitia somo fupi la kompyuta, ambalo waliweza kulisoma hata kwenye tableti. Hawakulazimika kuingia katika simuleta. Mfumo mpya uliokuwa na uwezo wa kushusha pua ya ndege, uitwao MCAS, haukuelezwa katika somo hilo.

Oktoba 29, 2018 ndege ya Lion Air ilianguka nchini Indonesia na kuua watu 189. Machi 10, 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi ilianguka dakika chache baada ya kuruka. Watu 157 walikufa, na kundi kubwa zaidi miongoni mwao lilikuwa la Wakenya 32. Miezi miwili baadaye Boeing ilikiri kwamba hata programu ya simuleta za MAX ilikuwa na kasoro: haikuweza kuiga baadhi ya hali za urukaji, ikiwemo ugumu wa kuzungusha kwa mkono gurudumu la kurekebisha mkia. Januari 2020 kampuni hiyo ilipendekeza kwamba marubani wote wafanye mazoezi ya simuleta kabla ndege hizo hazijarudi hewani.

Hatusemi kwamba tableti ndiyo iliyoangusha ndege. Chanzo kilikuwa katika usanifu wa ndege na katika taarifa zilizofichwa. Tunachosema ni kwamba mashine, iwe kubwa au ndogo, humwonyesha rubani yale tu aliyowekewa na mtengenezaji. Mtu anayesoma peke yake mbele ya skrini hana wa kumuuliza: na ikitokea hivi, je? Kama mwaka 1934, nafasi ilitengwa baada ya makaburi kuchimbwa.

Hitimisho

Tumeona simuleta ikihama kutoka mikononi mwa wakufunzi wa Ufaransa hadi kiwanda cha vinanda, kisha kwenye safu za meza za vita, kumbi za mashirika na hatimaye ukingo wa meza ya nyumbani. Kuhama huko kumefungua mlango. Kijana wa Soroti, mji wenye chuo cha urubani kilichoanzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya Kenya, Tanzania na Uganda, anaweza leo kuzoea vyombo kabla hajalipia saa moja ya kuruka. Link mwenyewe, aliyelipa dola 50 bila kugusa usukani, angefurahi.

Hata hivyo, anayepanga meza akisubiri mzigo wake apange na nafasi ya mtu wa pili. Gharama yake ni ndogo: stuli pembeni, ramani iliyochapishwa, kalamu ya kuchora njia ambayo ndege ilipaswa kupita, na mwenzake wa kuuliza maswali safari ikiisha. Programu nyingi za leo huhifadhi rekodi ya njia iliyopitwa, kwa hiyo wino wa kaa bado upo kwa anayetaka kuusoma. Vyuo vyetu vinavyonunua vifaa hivi kwa ajili ya maabara za kompyuta navyo vipime vyumba vyao kwa hesabu ya watu wawili kwa kila mashine.